Mtani Aliyenitoa Uani

Enzi zetu hapa Mbagala, mwalimu alitoka mbali. Alishuka na sanduku la bati, na kabla hajalitua mtaa ulikwishajua kabila lake. Shuleni palikuwa na Mchaga wa hesabu, Mmakonde aliyefundisha kuchonga miko, na Mwalimu Maganga, Mnyamwezi wa Tabora. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani: mtani hukutukana ukacheka, huchukua kitu chako usikasirike, ukikitaka, unakikomboa.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja na miezi tisa, sijakanyaga darasa. Bibi aliyenilea alishaamua: nikivunja ungo nitawekwa ndani niwe mwali, basi shule ya nini?

Jumatatu moja ya Januari, Mwalimu Maganga alinikuta uani natwanga mpunga. Akauliza mbona siko shuleni.

“Mbeba mizigo wewe,” Bibi akamjibu, “umetoka Tabora kuja kunifunza kulea?”

“Shikamoo, mtani. Najua, huyu akisoma utakosa wa kukuchezea ngoma!”

Bibi alicheka hadi kanga ikamlegea. Hapo mwalimu akauweka mchi wangu kando, akanishika mkono. “Huyu nimemchukua. Mkimtaka, leteni jogoo shuleni.”

Baba mdogo alisimama kwa hasira. Bibi akamzuia: “Kaa chini. Mtani hapokonywi.”

Uani kwetu majogoo hawakukosekana, lakini Bibi hakupeleka hata mmoja. Nilipovunja ungo, shangazi walipokuja kuniweka ndani, aliwaambia kwa uso mkavu kwamba mtoto bado yuko kwa mtani, hajakombolewa. Nilimaliza darasa la saba nina miaka kumi na minane na miezi minane, mrefu kuliko baadhi ya walimu. Marehemu mume wangu alipenda kuwatajia wageni jambo hilo kabla hata ya kuwakaribisha chai.

Juzi, kwenye mkutano wa wazazi, kijana mmoja alidai tuletewe walimu wa hapa hapa, eti wa bara hawatujui. Nilisimama nikapinga. Baadaye nikamtania mwalimu mpya, Mnyamwezi. Maskini, aliinamisha kichwa akaniomba radhi. Vijana wa leo wana utani wa kwenye simu tu.

Ni mwalimu mzuri, mwenye shahada na adabu. Mtoto asipofika darasani, huwatumia wazazi ujumbe, kisha husubiri ajibiwe. Bibi yangu hakujua kusoma.