Mchele wa Maman Espérance mbele ya muntu wa uhamiaji

Bantu bangu, sikilizeni yaliyonipata leo.

Munajua niko nangojea kibali cha kazi hapa wilaya ya Rusizi, sasa miezi saba. Kule kwetu Bukavu, ng'ambo ya mpaka, nilikuwa muuguzi. Hapa Bugarama naendaka kituo cha afya kusaidia kupima batoto kilo, bure kabisa. Watu wa uhamiaji wakisema nalipwa bila kibali, dossier yangu, ile faili ya maombi, imekufa.

Leo muntu wa uhamiaji ameingia kituoni na karatasi zake.

"Wewe unapokea nini hapa?"

"Sipokei kitu, Mzee."

Jameni, pale pale Maman Espérance, mkulima wa mpunga, akaingia na mtoto mgongoni, mfuko wa mchele kichwani. Akautua kwenye meza yangu.

"Docteur, hii ni yako, kwa kazi yote unatufanyiaka!"

(Hata docteur si mimi!)

Nikamurudishia. "Hapana, Maman, siwezi."

Uso ukamubadilika. "Mavuno yangu ya kwanza unayakataa? Mtoto wangu umemushika, chakula yangu inakuchukiza?"

Bamaman wote kwenye foleni bakatugeukia. Kukataa mchele wa kwanza ni kumutukana muntu, hata mimi najua.

Yule muntu wa uhamiaji akatabasamu. "Pokea tu. Usimuumize mama."

Nikapokea kwa mikono miwili.

Ndipo akatoa kalamu, akaniuliza jina langu linaandikwa namna gani. Akaandika kwenye zile karatasi zake, akatoka.

Mfuko uko hapa jikoni, sijaufungua. Batoto banauliza tunapika saa ngapi.

Mungekuwa nyinyi, mungepika?