Jioni Niliyotafsiri Badala ya Kujibu

Naomba mcheke sasa hivi, mmalize, ndipo nianze, maana mkinichekea katikati nitakosa nguvu ya kufika mwisho, na mwisho ndio unaoniuma. Mimi huyu ninayehoji kila kitu (nimewahi kubishana na mhadhiri kuhusu maana ya neno "maendeleo" mpaka akaomba maji) niliaibika katika baa moja hapa Guangzhou mbele ya mwanamume ninayempenda, na aliyeniaibisha ni mdomo wangu mwenyewe, tena kwa Kiswahili fasaha.

Mwanamume huyo, Ajie, anashona. Mchana alikuwa akibuni magauni kwenye duka moja la jumla mtaa wa Zhanqian, na Jumamosi jioni aliwavalisha wanaume wanaofanya shoo kwenye baa ya watu kama sisi, wanaume wanaopenda wanaume, ghorofa ya pili juu ya duka la majani ya chai. Tulijuana dukani kwake nilipompelekea mteja (nasomea mambo ya usafirishaji, lakini kinachonilisha ni ukalimani kwa wafanyabiashara wetu wanaokuja kufunga mizigo). Mteja alichagua rangi mpaka nikachoka, Ajie akanisogezea kigoda, akamenya chungwa, akawa ananipa kipande kimoja kimoja bila kuniangalia. Tangu siku ile tukawa tunaandikiana kila siku.

Nami kama kawaida yangu nikahoji. Ananipenda au ni mpweke tu? Nampenda au napenda kupendwa? Na huo upendo ni kitu gani hasa, nani kauthibitisha? Kila aliponialika baa nilifika, nikasimama ng'ambo ya barabara, nikaitazama ile ngazi huku watu wakipanda wakicheka, halafu nikarudi bwenini kuendelea kuhoji. Kisha akaniandikia kwamba amepata kazi Chengdu, anaondoka Jumatatu. "Jumamosi njoo. Usilete kitu. Nina swali na sitaki kuliuliza kwenye simu."

Mambo yakaharibikia kwa Mama Rahma. Huyu ni jirani yetu Tanga, mlango wake na wa mama yangu inatazamana, na kila akija Guangzhou kununua magauni ya sherehe mimi ndiye ulimi wake. Akijua jambo langu yeye, mama kalijua siku hiyo hiyo, na jambo langu hili kwetu halisemeki, mnajua kwa nini. Jumamosi ile mchana tulikuwa jengo la Tianxiu kwa wakala wake wa mizigo, akasema jioni twende tukaangalie mikoba. Ningesema naumwa. Ningesema nina mtihani. Nikasema, "Jioni siwezi mama, naenda kuonana na fundi mmoja wa magauni."

"Fundi gani?"

"Wa kawaida tu."

"Yuko wapi?"

"Mbali kidogo."

"Nipe kadi yake."

"Hana kadi."

Msiokaa huku hamtaelewa nilichofanya. Mfanyabiashara wa hapa atakugawia chakula chake na hata kitanda chake, lakini hatakuonyesha kiwanda chake. Anayeficha ndiye aliyepata. Vyumba vizuri vya sampuli kule soko la Zhanxi havina hata kibao, unapitishwa ngazi ya nyuma, unagonga, unafunguliwa. Sasa fundi wa magauni asiye na kadi, asiye na mahali, anayeonwa jioni, tena na mimi peke yangu! Nilimwona Mama Rahma akimtupia jicho Sudi, muuza viatu wa Kariakoo aliyekuwa hapo akingoja mzigo wake, nikapuuza, maana akili yangu yote ilikuwa kwenye shati nitakalovaa.

Jioni nikapanda ile ngazi. Ndani taa hafifu, meza ndogo, na karibu na mlango wazee wawili wa Kichina wameshikana mikono huku wakila karanga. Kushikana mikono kwenyewe hakukunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba hawakuangalia mlango nilipoingia. Maisha yangu yote nimekuwa nikiangalia mlango.

Ajie akaja, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni. "Umepanda," akasema. Akaketi, goti lake likagusa langu, likabaki hapo. "Sasa swali langu."

Nikajiambia, lolote atakalouliza nitasema ndiyo, nitahoji baadaye.

"Hodi humu! Assalaam alaykum!"

Mama Rahma. Buibui lake, mkoba wake wa magurudumu, na nyuma yake Sudi, anatabasamu kama askari aliyekamata leseni iliyokwisha muda. Walikuwa wamenifuata kutoka behewa la nyuma la treni ile ile niliyopanda.

"Aha! Kumbe huku ndiko unakojificha!"

Nikaiona sebule yetu ya Tanga, nikamwona mama ameshika simu sikioni. Nikafungua mdomo nikane, sijui nikane nini. Lakini Mama Rahma alinipita kama meza, akaenda moja kwa moja jukwaani, alikosimama jamaa mmoja wa mabega mapana aliyevaa gauni la kijani la shanga akirekebisha wigi lake. Akashika mkono wa gauni, akausugua kwa kidole gumba, akapindua pindo.

"Shanga za kushona kwa mkono! Msomi, njoo! Mwambie ageuke."

Nikamwambia ageuke. Akageuka kwa madaha yote aliyojaliwa, baa nzima ikapiga makofi, Mama Rahma naye akapiga.

"Mama, huyu dume," Sudi akasema. Akazungusha macho, kisha akanigeukia mimi. "Humu wote madume, Prof. Duka gani hili?"

"Ajabu iko wapi?" Mama Rahma akamkata. "Wakimvalisha msichana mwembamba kama sindano, nitajuaje litawatosha wateja wangu? Huyu ana mwili wa Tanga kabisa. Wana akili hawa. Nani kashona?"

Ikabidi nimwonyeshe Ajie. Mama Rahma akaja kujikalisha katikati yetu, pale pale goti lilipokuwa, akaletewa maji ya moto kwenye glasi ya bia, kazi ikaanza.

Sasa niwaeleze kuhusu ukalimani. Mkalimani hafikiri. Neno linaingia kwa lugha hii, linatoka kwa ile, wewe ni bomba tu. Zipu? Itafungwa nyuma. Kifua? Kinaweza kufunikwa zaidi. Bitana? Ipo. Ajie alijibu yote kwa upole, macho kwenye gauni, kisha kwa sauti ile ile ya zipu na bitana akasema maneno yake, na mimi, kwa sauti yangu safi ya kazini, nikayapitisha:

"Anasema jana hakulala, atanikumbuka sana, anauliza nikimaliza masomo kama nitamfuata Chengdu."

Muziki nao ukaona huo ndio wakati wa kwisha.

"Eti?" Sudi akasema.

"Akukumbuke wewe?" Mama Rahma akanigeukia. "Wewe umenunua nini? Mteja si mimi?"

"Wewe, mama," nikasema, jasho likinitoka mpaka nyuma ya masikio. "Atakukumbuka wewe. Anahamia Chengdu, anauliza kama utamfuata kule kwa mzigo."

"Na masomo yametoka wapi?"

"Nimechanganya."

"Mwambie asinikumbuke, kumbukumbu hazivaliwi. Anipe namba."

Ajie alikuwa ananitazama mimi. "Wamesemaje?"

Hebu fikirini. Kichina cha Mama Rahma na Sudi kinaishia kwenye "ghali" na "punguza." Ningeweza kusema ndiyo pale pale, kwa sauti, mbele yao, nikamwambia yote niliyoyaficha tangu lile chungwa, na wao wangedhani tunajadili vifungo.

"Anasema usimkumbuke," nikasema. "Anataka namba yako."

"Huyo ni yeye. Wewe je?"

"Mimi mkalimani tu."

Alinitazama kidogo tu. Akamfungulia Mama Rahma simu apige picha msimbo wa namba yake, akatabasamu kwa adabu, kisha mtu akamwita jukwaani, zipu imekwama, akaenda. Hakurudi mezani.

Kwenye treni Mama Rahma alinisamehe kwa kumficha fundi. Tulipokaribia kushuka Sudi akasema polepole, "Prof, mi niliona magauni tu." Mpaka leo sijui kama lile lilikuwa tishio au wema.

Usiku ule nilimwandikia Ajie jibu langu, refu, bila swali hata moja ndani yake. Akajibu: "Nilitaka nisikie ukisema."

Sasa yuko Chengdu, anamshonea Mama Rahma, na jumbe zake za sauti zinapitia kwangu. Mwambie mama kijani kimekwisha. Mwambie mama mikono imerefushwa. Nikishatafsiri nausikiliza kila ujumbe tena mwenyewe, mpaka pale mwisho anapovuta pumzi kabla hajaachia kitufe. Nimeapa: siku mtu akiniuliza jambo langu, hata mama mzazi awe ameketi katikati, nitajibu kwanza, tafsiri ingoje.

Juzi Mama Rahma amesema mzigo wa kwanza unataka mtu wa kwenda Chengdu kuukagua kabla haujafungwa. Alikuwa bado anaeleza habari za nauli. Nikasema ndiyo.