Makofi ya Ghalani

Siku tuliyomzika bibi yangu Scolastica pale Mofu, Valeriani, katibu wa kigango, alisimama mbele ya jeneza akasoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, sauti anayo. Alisema marehemu alikuwa mkulima hodari wa mpunga, mcha Mungu, mama mwema. "Ila," akaongeza huku akitabasamu, "alikuwa na maringo yake kidogo. Hata askofu alipokuja hakumpigia makofi." Watu wakacheka kile kicheko cha msibani. Mimi nilitaka kumnyang'anya ile karatasi niitupe kaburini.

Maringo! Mwanamke aliyelala sakafuni miaka kwa ajili ya mtu ambaye kila mmoja alijua amekufa, leo anaitwa mwenye maringo na kijana ambaye hajawahi kumuuliza lolote zaidi ya "shikamoo bibi, michango tayari?" Basi nitasema mimi. Sisemi kwa upole, na sitaomba radhi.

Mambo haya yalitokea Ifakara zamani za Mdachi, miaka michache baada ya vita vya Maji Maji. Bibi wakati huo hakuwa Scolastica. Yeye na wenzake majina ya ubatizo waliyapata baadaye, lakini ndiyo ninayoyajua na ndiyo nitakayoyatumia. Mume wake wa kwanza hakuwahi kubatizwa, na jina lake silijui kabisa, maana Bibi hakulitamka. Kwao mke halitaji jina la mumewe. Alimwita Mwenye Mtumbwi.

Mwenye Mtumbwi alivusha watu kwenye mto Kilombero. Vita vilipowaka, watu walionyunyiziwa dawa walifika kivukoni na mikuki yao, wakitaka kwenda kulishambulia boma la Mahenge. Akawavusha. Angefanya nini? Kabla ya hapo aliwavusha askari wa Mdachi na mizigo yao, na hakuna aliyemwita askari kwa sababu hiyo. Lakini vita viliposhindwa, askari walirudi wakachoma vihenge vya mpunga, wakamtia mnyororo shingoni, kisha wakataka kuvuka. Aliwavusha yeye mwenyewe, kwa mtumbwi wake mwenyewe, pondo mkononi na mnyororo shingoni. Kila aliponisimulia, Bibi alipofika hapo alitema mate.

Hakurudi. Ikaja njaa, watu wakachimba mizizi porini, njaa ikapita, hakurudi.

Sasa, katika ukoo wa mume wake palikuwa na desturi. Mjane hafunguliwi mpaka mtu wa damu ya marehemu aseme mbele ya watu, "Nimemwona." Akishasema hivyo, mjane humnyunyizia marehemu unga wa mchele kwenye paji la uso, kisha hunyolewa, na matanga yanaanuliwa. Bila neno hilo, Bibi alibaki na nywele zilizosokotana na kaniki moja iliyochanika, akilala chini, haruhusiwi kuolewa. Na mwanamke asiyeolewa alimlimia nani? Alimlimia shemeji yake Nikodemu, mdogo wa mumewe. Shamba la Nikodemu lilipendeza miaka ile. Huyo bwana hakuwa na haraka yoyote ya kumwona kaka yake, si mzima wala maiti.

Siku moja, mpunga ukiwa umeanza kukomaa, Bibi alikuwa shambani akiamia ndege pamoja na marafiki zake wawili, Domitila na Natalia. Akapita mpagazi mmoja wa Mahenge, jina lake Fulgensi, akatua mzigo kivulini. Alikuwa na msafara wa Mzungu mmoja mpita njia. Akawaambia kwamba Bwana wake ana sanduku lenye taa na vioo, na kwamba kesho atatundika nguo nyeupe katika ghala la mpunga na kuwaonyesha watu picha.

"Picha za nini?" akauliza Domitila.

"Za kila kitu. Ulaya, milima, wanyama. Hata wafungwa wa boma la Mahenge wamo, wamesimama mstari na minyororo yao. Kovu la mtu unaliona."

Bibi akauacha uzi wa kutishia ndege ukaanguka. "Wafungwa wa mwaka gani?"

"Wa mwaka wa vita, dada. Wale wote wamekufa. Nilikuwapo wakizikwa."

"Na mvushaji wa huku kwetu yumo?"

"Majina siyajui. Wapo wengi."

Fulgensi hakuwa wa damu, kwa hiyo neno lake halikufaa kitu. Lakini Nikodemu alikuwa wa damu. Nikodemu akimwona kaka yake kwenye ile nguo, atasema, na akisema, imekwisha. Usiku ule Bibi alitwanga mchele, akaupepeta, akautia unga kwenye kibuyu kidogo. Asubuhi akamwendea Nikodemu akamwambia twende tukaone maajabu. Hakumwambia zaidi. Nikodemu akakubali upesi, maana nani hataki maajabu?

Hapa nieleze jinsi kila mmoja alivyokwenda, kwa sababu ndilo jambo ambalo Bibi alilifikiria maisha yake yote. Domitila alikwenda bure tu. Alikuwa amechoka kurushia ndege mawe, akataka kukaa chini mahali penye kivuli. Natalia alikwenda akitetemeka, kwa sababu alisikia kwamba lile sanduku humeza watu. Alimwachia mama yake mtoto, akaaga kama mtu anayekwenda kufa. Na Bibi alikwenda na kibuyu.

Ilikuwa mchana. Matundu ya ghala yalizibwa kwa nyasi na mikeka mpaka ndani pakawa giza totoro, pakanuka mafuta ya taa na pumba. Askari alisimama mlangoni na kiboko. Akida wa Mdachi, mtu wa pwani, alikaa mbele ili kutafsiri, na kabla ya yote akatoa amri: "Kila Bwana akibadilisha picha, pigeni makofi. Bwana anapenda makofi." Wakafundishwa kwanza kupiga kwa pamoja. Watu wazima hao, waliozika watoto wao mwaka wa njaa, wanafundishwa kupiga makofi!

Taa ikawaka. Ikatokea meli, makofi. Akatokea Kaizari juu ya farasi, makofi. Ukatokea mlima mweupe mtupu, na akida, ambaye theluji hakuwahi kuiona, akasema ni mlima wa chumvi. Watu wakaguna kwa wivu, maana chumvi ilikuwa ghali. Akatokea tembo. Bwana alingoja washangae, lakini hawa ni watu ambao tembo huwalia mpunga kila mwaka. Waliinuka wote wakamzomea, wakapiga kelele za kumfukuza shambani, mmoja akarusha kiatu cha ngozi. Domitila alicheka mpaka akashika mbavu. Natalia naye, alipoona hakuna aliyemezwa, alicheka kuliko wote, kicheko cha mtu aliyesamehewa kifo. Aliniambia mwenyewe uzeeni mwake kwamba hajawahi kufurahi vile tena, hata harusini kwake.

Bibi hakuona mlima wala tembo. Alikuwa anangoja. Picha zilikuwa zilezile kwa wote, lakini kwake kila picha isiyokuwa ile aliyoifuata ilikuwa mtu anayemzibia njia.

Kisha wakatokea. Wanaume mstari mmoja, mnyororo ukipita shingo hadi shingo, nyuma yao ukuta wa mawe. Wa pili kutoka mwisho alisimama mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, magoti yamelegea kidogo. Wenzake walisimama kama watu walio nchi kavu. Yeye alisimama kama aliye ndani ya mtumbwi.

Na watu wakapiga makofi.

Walipiga kwa sababu walifundishwa. Najua. Bibi naye alijua. Lakini alikuwa amekaa katikati ya makofi hayo, na kulia kwake rafiki yake Domitila alikuwa anapiga na kucheka, machozi ya tembo bado mashavuni. Akida akasema, "Hawa ni wakorofi. Tazameni mwisho wao." Kioo kikachomolewa, likaja kanisa la Ulaya.

"Mrudishe!" Bibi akapiga ukelele. "Mrudishe!"

Bwana akamuuliza akida yule mwanamke anasema nini. Akida, kwa kuogopa au kwa kujipendekeza, akamjibu kwamba amependezwa na picha na anaomba aione tena. Yule Mzungu akafurahi! Bibi aliuona uso wake kando ya taa, ukitabasamu kwa fahari ya mpishi anayeombwa aongeze mboga. Akachomoa kanisa, akamrudisha Mwenye Mtumbwi.

Bibi alishainuka. Akapita juu ya miguu ya watu mpaka mbele ya nguo, akachota unga, akamnyunyizia mumewe kwenye paji la uso kama inavyopasa. Lakini mumewe alikuwa mwanga tu. Unga ulipanda hewani, ukaingia katika ule mshale wa taa, ukawaka. Ghala lote likajaa nyota. Na watu wakapumua "aaah!", wakapiga makofi, safari hii bila kuamriwa na mtu. Wakapiga kwa moyo wote. Bibi alisimama pale, wale wafungwa wakiwa wamechorwa mgongoni mwake, akisikia jinsi matanga yake yanavyowapendeza watu.

Sijui kama ninyi mnaosoma mnaona uchungu huu. Mimi unanikereketa hadi leo.

Askari akamtoa nje kwa kumvuta mkono. Jua likampiga machoni. Domitila na Natalia wakamfuata, na mwisho akatoka Nikodemu, taratibu, akipangusa unga begani. Watu wakakusanyika.

"Shemeji," Bibi akasema, "umemwona?"

"Nimemwona," akasema Nikodemu.

Natalia akapiga kigelegele cha nusu. Lakini Nikodemu aliinua mkono. "Nimemwona, ni yeye kaka yangu, siwezi kusema uongo. Ila alikuwa amesimama kwa miguu yake. Macho yake yalikuwa wazi, ananitazama. Nimemwona yu hai. Mtu aliye hai haanuliwi matanga, na mke wake si mjane. Shemeji, rudi nyumbani umngoje mumeo."

Na wazee wa ukoo waliokuwapo wakatazamana, wakakuna ndevu, wakasema kwa desturi ilivyo, Nikodemu amesema kweli. Hivi ndivyo ilivyokuwa! Mdachi alimchukua mtu akiwa mzima na kumuua, na sasa picha ya Mdachi inamkatalia kufa. Na ndugu wa damu anaipokea zawadi hiyo kwa mikono miwili, kwa sababu magugu shambani kwake yameota.

Bibi hakulia. Alikwenda mtoni, akakaa kwenye kile kivuko cha zamani, marafiki zake nyuma yake. Domitila hakuwa anacheka tena.

"Sikumtambua," akasema. "Naapa, mwenzangu, sikumtambua. Nilikuwa bado nacheka yule tembo."

"Najua."

"Nifanye nini?"

Bibi akatoa kiwembe alichokuja nacho katika pindo la kaniki. "Mikono hiyo iliyompigia makofi ndiyo itakayoninyoa."

Domitila alisitasita. Kumnyoa mjane asiyeruhusiwa ni kujitafutia laana ya ukoo wa watu. Natalia akachota maji kwa kiganja akamlowesha Bibi kichwa, na Domitila akaanza kunyoa huku analia, akimkata hapa na pale. Nywele zikachukuliwa na maji.

Mavuno yalipofika, ukoo ulikutana kwa Nikodemu kula wali mpya na kumhukumu Bibi kwa kujinyoa. Bibi alikuja bila kuitwa, kichwa kimenyolewa, amebeba sahani ya wali na kambale wa kukaanga. Hakuiweka mbele ya wazee. Aliiweka mahali alipokuwa akikaa Mwenye Mtumbwi.

"Shikamooni," akasema. "Shemeji, kaka yako yu hai, umesema mwenyewe. Basi mwite aje ale. Nikimwona anakula, nitafuga nywele upya na nitakulimia mpaka nife."

Nikodemu akaitazama sahani. Wali ukatoa mvuke, mvuke ukaisha, nzi wakaja. Mama mzaa mume, kikongwe ambaye tangu vita hakuna aliyemuuliza neno, akajikokota mpaka kwenye ile sahani, akaifunika kwa ungo, akaanza kumlilia mwanawe kwa sauti. Wanawake wote wakapokea kilio. Baada ya hapo hakuna mzee aliyethubutu kusema mtu yule yu hai.

Bibi akaolewa na Eustaki, mvuvi wa Mofu, ambaye ndiye babu yangu. Akabatizwa, akazaa, akalima shamba lake mwenyewe. Domitila alibaki rafiki yake mpaka kifo. Lakini tangu ghala lile, mikono ya Bibi haikugongana tena kwa ajili ya mtu yeyote, awe bwana harusi, mbunge au askofu. Akiona watu wanapiga makofi, aliificha kwapani.

Siku ile ya maziko, Valeriani alipomaliza kusoma wasifu wake, watu walimpigia makofi kwa kusoma vizuri. Nilitazama kushoto na kulia, wote wanapiga, hata dada zangu. Mimi niliweka yangu kwapani, na nikasikia mtu nyuma yangu akinong'ona kwamba maringo ni ya ukoo.