Asali Kwenye Mkanda

Mkono wangu wa kulia uliliwa na mashine ya kusaga muhogo hapa Ludara, na aliyeulisha mashine ni shemeji yangu, mume wa dada yangu. Jina lake naliacha kwa sababu ya watoto wa dada. Kazi yake siiachi: ndiye mwenye mashine. Wa pili ni fundi wa Koboko mjini, aliyekata kinga ya chuma iliyofunika mkanda. Alijua ni ya nini. Akaikata.

Waliikata kwa ajili ya asali. Muhogo ukiletwa bila kukauka vizuri, kinu kinakuwa kizito na mkanda unateleza. Dawa ya kwetu ni kuupaka asali ili ushike. Mkanda mpya ungemaliza maneno yote, lakini asali ipo kila nyumba. Na injini ile ya dizeli ilikuwa ngumu kuamka. Ukiizima, utapiga hendeli mpaka jasho liingie machoni, na wamama walio kwenye foleni watajitwisha muhogo wao waende kwingine. Basi tulipaka huku inazunguka.

Siku ile nilimwambia, "Shemeji, tuzime kidogo."

"Unazima nini? Wamama watakimbia! Wewe iko mwanaume ao iko bibi arusi? Pakaa!"

Nikapaka. Asali ilishika mkanda, ikashika na shati langu. Hospitalini Arua shemeji akawaambia wauguzi nimeanguka na bodaboda. Nyumbani akasema nililewa. Mimi, ambaye pombe sijapata kuionja!

Mwaka huu akaniita. Kikundi cha wamama wa Lurujo kilitaka kuinunua mashine, naye alitafuta mtu wa kuisifu.

"Wewe umeifanyia kazi, watakuamini," akasema, bila haya.

Nikaenda. Aliiwasha, ikanguruma vizuri, hilo sikatai. Wamama wakatabasamu. Kiongozi wao akanigeukia.

"Baba, iko na shida?"

Nikapandisha shati, kisiki kikaonekana. "Shida yake ndiyo hii. Kinga ilikatwa. Huyu aliamuru, fundi wake akakata. Bodaboda ni uongo."

Shemeji akacheka. "Wamama, huyu mutu iko na uchungu ya zamani tu. Mashine haina mudomo."

"Haina mudomo, lakini imekula," yule mama akamjibu. Akafunga leso yake vizuri kiunoni. "Twende."

Dada yangu alikuwa mlangoni kwao, amesikia yote. Nilidhani sasa, baada ya miaka hii, ataniuliza juu ya mkono. Alichosema ni, "Umetuharibia soko," akaingia ndani.

Mwezi haujaisha, mashine ikapata mnunuzi mwingine, ikapakiwa kwenye lori huko Oraba, ikavuka mpaka wa nchi kwenda Kaya. Mkanda wazi vilevile. Safari hiyo hawakuniita.