Diski Iliyojibu Tayari

Annet Kokulinda alikuwa mhariri wa sauti katika redio ndogo ya Kiseke, Mwanza. Miaka yote alisafisha sauti za watu wengine. Ya baba yake hakuwahi kuirekodi, mpaka madaktari waliposema koo la mzee litapasuliwa na hataongea tena.

Mzee Kahigwa, mwalimu mstaafu, alitoka Misungwi siku moja kabla ya kulazwa. Walijifungia studio wawili tu. Alisimulia jinsi mama yake alivyovuka ziwa kutoka Bukoba na machipukizi ya migomba ndani ya khanga, kisha akaimba kwa Kihaya wimbo aliobembelezewa utotoni. Sauti ilikuwa imeshaanza kukwaruza.

"Basi, mwanangu," alisema. "Hiyo ni ya wajukuu."

Annet alihamishia rekodi kwenye kompyuta. Kioo kikaandika kwamba kazi imekamilika. Mtangazaji wa michezo alikuwa mlangoni akiingoja kadi ya kinasa sauti, hivyo Annet akaifuta, akampa. Kabla hajainuka kitini, umeme ukakatika.

Uliporudi, jina la faili lilikuwepo, ndani hamna kitu. Kadi nayo ilikuwa imeshajazwa mechi.

Alimwita Ashish, fundi wa kompyuta ambaye familia yake inauza vifaa vya umeme mjini tangu enzi za babu yake. Alihangaika na ile mashine mpaka jioni.

"Dada Annet, sauti haikuwahi kuandikwa."

"Lakini iliniambia imemaliza."

"Kompyuta hutuma amri ya kuandika. Diski hupokea data, huishikilia kwanza kwenye kumbukumbu yake ya muda, halafu hujibu kwamba tayari, ili usisubiri. Kuandika kwenyewe kunafuata baadaye kidogo. Umeme ukikatika hapo katikati, iliyoshikiliwa yote inapotea."

"Haiwezi kulazimishwa iandike kwanza?"

"Inaweza. Kuna amri nyingine, ya kuitaka iandike kila ilichoshikilia na isijibu mpaka imalize. Hapa haikutumwa." Akafunga begi lake taratibu. "Pole sana, dada."

Annet hakumwambia baba yake hospitalini. Alingoja mpaka mzee alipoletwa nyumbani kwa Annet, na mpira wa kupumulia shingoni. Jioni ya kwanza mzee alimtazama, akagusa sikio lake, akanyoosha kidole kwenye simu ya Annet. Alitaka kujisikia.

"Tata, haipo," Annet alisema. "Imepotea kwenye kompyuta."

Mzee akamvuta mkono, akamkalisha karibu.

Tangu hapo Annet akawa anasimulia yeye, na baba anasikiliza. Akikosea, mzee anampiga kofi dogo mkononi, naye anarudia. Habari ya bibi na migomba walifika nayo mwisho. Wimbo uliwashinda. Annet alizaliwa Mwanza na Kihaya chake kilikuwa cha kuombea maji. Ubeti wa kwanza aliujua. Wa pili mzee aliutamka kwa midomo, tena na tena, mpaka machozi yakamtoka, na Annet hakuambulia hata neno.

Mzee Kahigwa alifariki kabla ya masika. Kwenye mazishi wajukuu waliimba ubeti ule mmoja. Walipoumaliza walimtazama Annet wakisubiri awaongoze kwenye wa pili, naye akawaambia wakae.