Sajini Aliyejiandaa kwa Kliniki

Jumanne asubuhi binti ya sajini alinipigia simu kutoka Chaka, karibu na Nyeri. "Baba ametuacha," alisema. Baba huyo alikuwa sajini mstaafu wa jeshi, jirani wa shamba letu la viazi. Alikuwa akipalilia alipoanguka, mshipa wa kichwani umepasuka, na hakufika hospitali ya Nyeri akiwa hai. Aya hii nimeiandika na kuifuta tangu siku hiyo, nikitafuta namna isiyo na kosa ya kuwaeleza, wasomaji wangu. Sijaipata. Basi niseme tu kwamba nilijua alichokuwa akifanya, na nilinyamaza.

Siri yake niliipata siku nilipompeleka nyanya yangu kliniki ya presha mjini. Tulimkuta kwenye benchi, viatu vinang'aa, shati limepigwa pasi hadi mikono ina makali. "Afande, unaenda kuoa?" nyanya akamtania. "Mama, leo ni ukaguzi," akajibu bila kucheka. Sista, muuguzi wa kliniki, alimpima, akatabasamu: "Mzee, wewe ungefundisha hawa wengine." Tulipotoka kunywa chai nilimwuliza anafanyaje. Akainamisha kichwa karibu nami. "Hizo dawa zinanilegeza magoti. Mimi nameza siku tatu kabla ya kliniki, basi. Presha inasimama wima kama kuruta." Nikamwuliza, na zile siku zingine? "Siku zingine hakuna mkaguzi! Na usiandike hiyo kwa gazeti yako, kijana." Nilicheka, nikampa neno langu.

Kwa nini nililishika neno hilo? Kwa sababu nilijiona ndani yake. Uandishi nilijifundisha mwenyewe, na naishi kwa hofu kwamba siku moja mtu ataona jinsi sentensi zangu zinavyoanza zikiwa mbovu. Mhariri wangu huona nakala safi tu. Sikuona ajabu mtu kujitengeneza kabla ya kutazamwa. Niliona ni heshima. Lakini mimi nikificha, inaharibika aya tu. Yeye alifundishwa tangu ujana kwamba kifungo kikilegea utaadhibiwa, na kwamba anayelalamikia mguu anawaangusha wenzake. Siku ya kustaafu alirudisha magwanda, ila hakuna aliyemwambia kwamba sista si mkaguzi, na kwamba kumwonyesha kasoro ndiyo kazi iliyompeleka pale. Vipimo vyake vizuri ndivyo vilivyomponza. Angesema magoti yanalegea, huenda angebadilishiwa dawa, kwa maana si hiyo moja tu iliyopo. Nani atambadilishia dawa mtu ambaye kila mwezi anapongezwa?

Baada ya mazishi binti yake aliniita chumbani, akavuta droo. Pakiti za dawa zilikuwa zimepangwa kwa safu zilizonyooka, nyingi hazijafunguliwa. "Wewe ulikuwa unajua?" akaniuliza. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kujitetea njiani. Nikasema ndiyo. Nilingoja anifukuze. Alikaa kitandani, akazigusa pakiti moja baada ya nyingine kwa kidole. "Ungeniambia tu," akasema. "Singemgombeza. Ningemwekea maji ya kumezea."

Mficha maradhi kilio humfichua, tunasema, lakini kilio hiki kimetufichua wawili. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyetumikia jeshi, msiridhike na jinsi anavyoonekana siku ya kliniki. Mwulizeni juma lililopita lilikuwaje: alimeza nini, aliruka nini, wapi panauma anapoinuka kitandani. Akiwa na siri ya namna hii, ongozaneni naye mpaka ndani, na asiposema yeye, semeni ninyi mbele yake. Atakasirika. Atawaambia hamna adabu, pengine asiwasalimie mwezi mzima. Mwacheni akasirike.