Mkalimani Wetu Alikuwa Ng'ombe

Kwetu Kakamega mwanamume hamshiki mama mkwe wake mkono, hali naye meza moja, na wakikutana njiani yeye hujitosa kichakani hata kama kichaka chenyewe ni upupu. Mimi nimejitosa mara nyingi hivi kwamba vichaka vya Iguhu, kijijini kwake, vinanijua kwa jina. Lakini watu lazima waongee. Mimi na mama mkwe tuliongea kupitia ng'ombe wake. Yeye akikamua upande wa ndani wa ua, mimi nasimama upande wa nje, na kila mtu anamwambia ng'ombe la kumwambia mwenzake. Ng'ombe yule hakuwahi kukosea ujumbe hata mmoja.

Jumapili moja mke wangu alirudi kutoka kwa mama yake uso umemshuka.

"Baba watoto, mama ana kitu kwenye titi. Kigumu, kama punje ya mahindi makavu. Anasema hakiumi, kwa hivyo si ugonjwa. Na amenikataza kumwambia mtu."

"Na mimi umeniambia?"

"Wewe si mtu, wewe ni mume wangu."

Mimi ni fundi cherehani, na wakati huo ndio nilikuwa nimemaliza kidato cha nne katika shule ya jioni, nikiwa na mvi za kujaza mto. Somo nililolipenda kuliko yote ni biolojia. Mwalimu alitufundisha kwamba saratani ni chembe za mwili zinazozaana bila kuitwa wala kufukuzika, kama wageni wa harusi walionusa kuku. Akatuandikia dalili ubaoni: uvimbe kwenye titi au kwapani, hata usiouma, ngozi kubonyeabonyea kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani au kutoa damu. Uvimbe mwingi si saratani, alisema, ila wa kusema hivyo ni daktari baada ya vipimo, si jirani.

Sasa nitamwambiaje mama mkwe habari za titi lake? Afadhali nipande mimbarini bila suruali.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa Iguhu, nje ya ua. Mama alikuwa amechuchumaa kando ya ng'ombe. Kama kawaida yake, kabla ya kukamua alikipapasa kiwele, chuchu moja moja, akitafuta uvimbe. Hapo Mungu akanifungua mdomo.

"We ng'ombe, muulize mama: akikuta kitu kigumu kwenye kiwele chako, na wewe huumwi, atafanyaje?"

"Ng'ombe, mwambie huyo mkwe asiye na kazi asubuhi yote hii: mimi namwitanga daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Kiwele hakingojwi."

"Ng'ombe, muulize tena. Wewe unakaguliwa kila asubuhi. Yeye anakaguliwa na nani?"

Maziwa yakaacha kulia ndooni.

"Huyo binti yangu ana mdomo kama redio," akasema mwishowe. Kisha sauti ikashuka. "Ng'ombe, mwambie mkwe naogopa kukatwa."

"Ng'ombe, mwambie mama hata mimi naogopa. Lakini mchwa hula nguzo bila kelele. Kelele husikika nyumba ikianguka."

"Basi kesho. Nikishakamua."

Mke wangu akampeleka hospitali. Akapigwa picha, akachukuliwa kinyama kwa sindano, na majibu yakaja: saratani, lakini bado haijasambaa. Daktari akawaeleza njia zilizopo. Anaweza kutolewa uvimbe peke yake kisha achomwe mionzi, au atolewe titi lote. Kuna dawa za mishipani, na kwa aina nyingine za saratani kuna vidonge vya homoni vya kumezwa kwa miaka. Mama akachagua litoke lote.

"Limenyonyesha watoto wangu wote," akamwambia daktari. "Sasa listaafu."

Dawa hazikuwa mchezo. Nywele zilikwisha, obusuma, ugali wetu, ukawa na ladha ya msumari. Miezi hiyo nilimkamua mkalimani mimi mwenyewe, na teke lake la kwanza nusura linifikishe Mautuma, mbali kule kaskazini.

Matibabu yalipokwisha, mama alitaka kurudi kanisani, lakini gauni lililala upande mmoja. Nikamshonea sidiria yenye mfuko, nikaujaza pamba na mtama kidogo ili uwe na uzito. Vipimo vya kushonea vilikuja kupitia mke wangu, mzigo ukaenda kupitia mke wangu, na mimi nilishona jicho moja limefumbwa kwa heshima. Mkwe kumshonea mama mkwe sidiria! Jumatatu nilisimama nje ya ua nikingoja laana.

"Ng'ombe," sauti ikatoka ndani, nzima kabisa, imejaa kicheko, "mwambie fundi imenikaa vizuri. Ila mtama apunguze. Kuku wamenifuata mpaka kanisani."